Tahadhari Nakuru: fundi ameniuzia valvu ya gari langu mwenyewe

Wenye magari ya zamani, someni hili kabla hamjampa yule fundi ufunguo. Jina silitaji, wa mtaani mnamjua.

Ile Corolla 110 ya mzee mnaijua. Ikisimama injini ikiwa inawaka, mshale wa mizunguko ya injini ulikuwa unapanda hadi 1,500, unashuka inataka kuzima, unapanda tena, na chini ya boneti kuna sauti ya ssss. Injini ilikuwa inavuta hewa ya wizi mahali.

Nilimwamini kwa sababu alinionyesha. Hakudai hata shilingi ya kuanzia, na Probox ya jirani ni yeye aliyeitengeneza ikatulia. Aliniita: "Mwalimu, sogea usikie na masikio yako." Akalegeza paipu kubwa ya hewa, akatikisa mkebe wa kabureta klina (dawa ya kusafishia kabureta), akapuliza pale mdomoni. Injini ikakohoa, mlio ukabadilika papo hapo. "Umesikia? Valvu ya kurekebisha hewa gari likisimama imekufa." Nani angebisha? Akaifungua, akapanda boda nayo eti akatafute inayofanana, akarudi na "ex-Japan" imefungwa kwa gazeti, inang'aa, inanuka petroli. Nikatuma 9,500 kwa M-Pesa nikiwa nimesimama palepale. Gari likatulia kweli.

Tukiwa njiani kwenda Eldoret, tukafika Salgaa, watoto wakiwa nyuma, pedali ya breki ikagoma kushuka. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili nyuma ya trela. Mungu ni mkubwa.

Fundi wa Eldoret aliangalia kidogo tu. Mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki) ulikuwa na ufa, na ufa umezungushiwa utepe mweusi wa umeme, mpya kabisa, joto limeuyeyusha gundi. Utepe huo haukuwepo awali. Kwa hiyo yule fundi wa Nakuru aliuona ufa! Alijua ugonjwa, akauficha, akaniuzia valvu. Na valvu yenyewe ina doa la rangi nyeupe ambayo kaka yangu aliimwagia zamani. Ni yangu, imeoshwa tu! Mpira mpya ulinigharimu shilingi 600.

Kipimo cha kupuliza ni cha kweli, ndiyo maana kinaniuma. Lakini hupulizwa nje, kwenye mipira na kingo za gasketi ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), injini ikiwa baridi isije ikashika moto. Mlio ukibadilika, hapo ndipo penye ufa. Ukipuliza mdomoni mwa paipu ya hewa, hata gari lisilo na ugonjwa litabadilisha mlio.

Nilipomuuliza yule fundi wa Nakuru iliko valvu ya zamani, alisema ameiacha dukani. Fundi akikwambia hivyo, usitume pesa. Na pedali ikianza kuwa ngumu, usiingie barabarani.

Mtu anayefunga breki za watu kwa utepe anastahili kufungwa yeye. Nataka pesa yangu na nataka asimame mbele ya hakimu. Picha za valvu na utepe ninazo, kesho napiga ripoti polisi. Kama alikufanyia hivi, njoo inbox twende pamoja.