Bannack, Montana: mji wa dhahabu ulioachwa na milango wazi

Nimezaliwa Rwamgasa, Geita. Baba yangu ameshuka maduarani, yaani mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, tangu sijazaliwa, na mama alitulea kwa kuuza wali na maharage mwaloni, wanakooshea dhahabu. Leo ninaishi Salt Lake City, Marekani, lakini nikisikia mahali palipowahi kuwa na rashi ya dhahabu, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, lazima nikapaone. Shemeji yangu anaendesha malori na hupita jimbo la Montana mara kwa mara. Ndiye aliyenipigia simu akaniambia, "Shem, kuna mji huku umebaki nyumba tupu, na wote walikuwa wachimbaji. Mlete mtoto auone."

Tukaenda mwezi Juni, mimi, shemeji na binti yangu wa miaka kumi na minne. Kutoka Salt Lake City unashika barabara kuu ya I-15 kwenda kaskazini, mwendo wa kama saa tano hadi mji mdogo wa Dillon. Tukalala hapo. Asubuhi ni kama kilomita 40 tu kwenda Bannack, katikati ya malisho ya ng'ombe na vilima vikavu. Jaza mafuta Dillon, na maji na chakula ununue hapohapo, kwa sababu Bannack hakuna mgahawa wala kituo cha mafuta. Beba na koti hata kama ni kiangazi. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa asubuhi unapenya.

Kiingilio ni kwa gari, siyo kwa kichwa, na mwenye gari lililosajiliwa Montana kwa kawaida haingii tena mfukoni. Ukishaegesha, unatembea kwa miguu katika barabara moja ndefu yenye majengo zaidi ya hamsini, mengi ya mbao na magogo. Na hapa ndipo Bannack iliponishika: milango mingi haijafungwa. Unasukuma, unaingia. Hakuna sanamu la mchimbaji ndani, hakuna kipaza sauti cha kukuhadithia. Karatasi za maua zimebanduka ukutani tabaka juu ya tabaka, na ukihesabu tabaka unajua familia ngapi zilijaribu kupafanya pawe nyumbani. Niliwahi kupelekwa katika mji mwingine wa aina hii, sitautaja, ambako nyumba zilikuwa mpya zimepakwa rangi ya kizee na watu wakipigana bastola za maonyesho kila saa. Niliondoka sijajua lolote kuhusu waliochimba pale. Bannack imekuwa hifadhi ya jimbo tangu 1954, na wanaoitunza wanaegemeza kinachotaka kuanguka, wanaziba paa linalovuja, basi. Hawaupambi.

Historia yake ni fupi. Julai 1862 John White na wenzake walipata dhahabu katika kijito cha Grasshopper, dhahabu safi inayotajwa kufikia asilimia 99. Mwaka uliofuata mji ulikuwa na watu zaidi ya 3,000. Jina walilitoa kwa watu wa kabila la Bannock, ambao nchi ile ilikuwa yao, na kule Washington posta ikaandika "a" mahali pa "o". Mwaka 1864 Bannack ikawa makao makuu ya kwanza ya Montana. Mwaka 1865 makao makuu yakahamia Virginia City. Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu Mei 1863 dhahabu nyingine ilitokea huko, na wachimbaji ni walewale dunia nzima: rashi mpya ikitajwa jioni, asubuhi kambi ina majivu tu. Nimeliona jambo hili kwa macho yangu mtoto nikiwa. Mama alipika sufuria ya watu arobaini, wakaja sita.

Jengo kubwa la matofali mtaani ni Hotel Meade. Lilijengwa 1875 kama mahakama ya kaunti, na kaunti ilipohamishia makao yake Dillon mwaka 1881 likabaki bila kazi, hadi baadaye likageuzwa hoteli. Panda ile ngazi iliyopinda, taratibu, uguse mbao za kushikia zilivyolainika. Jirani yake ni baa ya Skinner. Shule ni ya 1874, chini wanafunzi, juu chama cha Wamasoni, na madawati bado yapo. Binti yangu alikaa kwenye moja na hakutaka kuondoka, akawa anauliza hao watoto walikuwa wakisoma nini wakati baba zao wako kwenye maji ya baridi kutwa nzima. Kuhusu kanisa nitasema tu kwamba ni la 1877, ni dogo, na limetulia.

Jela nayo iingieni. Ni chumba cha magogo chenye paa la udongo na nyasi. Sherifu Henry Plummer alichaguliwa na wachimbaji Mei 1863. Januari 10, 1864, raia waliojipa kazi ya sheria walimnyonga bila kesi, wakimtuhumu kuwa ndiye kiongozi wa majambazi waliokuwa wakiwaua wasafiri wenye dhahabu. Mwaka 1993 watu wa Montana walimfanyia kesi ya baada ya kifo, na wazee wa baraza wakagawanyika sita kwa sita. Nilisimama kwenye korongo la kunyongea nikakumbuka jinsi umati wa kambini unavyoweza kuhukumu mtu kabla jua halijachwa, na nikamwomba binti yangu tusipige picha pale.

Wageni wengi wanaishia mtaani. Nawasihi msiishie hapo. Shukeni kijitoni mkatazame mawe. Mwaka 1895 ilianza kazi hapa mashine ya kwanza Marekani ya kuchota dhahabu kwa umeme, kitu kinachoelea kama meli na kuchimba sakafu ya kijito, kikichuja mchanga na kutema mawe nyuma. Zilifuata nyingine. Marudio yake, yaani mabaki ya uchimbaji ambayo wachimbaji huweza kuyachuja tena, yangali pale, marundo ya mawe ya mviringo yaliyolala kando ya maji, na kijito hakijarudia njia yake ya zamani. Mtu asiyejua atadhani ni mto tu wenye mawe mengi. Mimi niliyajua kabla shemeji hajafunga mlango wa gari. Dhahabu ilipopungua mji ulipungua nayo, kisha mwaka 1942 serikali ikasimamisha uchimbaji wa dhahabu kwa sababu ya vita, na waliokuwa wamebaki wakaanza kufunga mizigo.

Nyota tano natoa zote. Tengeni nusu siku nzima, msije kwa saa moja. Kuna kambi mbili za kulala kando ya kijito kwa wenye mahema, na mwezi Julai kuna siku maalumu ambapo watu huonyesha kazi za zamani. Tumekubaliana kurudi wakati huo.

Simu yangu haikushika mtandao mpaka tuliporudi Dillon. Hapo nikamtumia baba video ya kijito. Akapiga hata kabla sijaweka simu chini.

"Hayo marudio, wameshayarudia?"

"Hapana baba. Ni hifadhi. Huruhusiwi kuondoka hata na jiwe moja."

Akanyamaza. Kisha akaniomba nimtumie tena ile sehemu ya mwisho, pale kijito kinapopinda.