Maji ya kunywa ya familia bila kutegemea chupa: njia tano, nimezipanga kuanzia inayofaa zaidi

Nyumbani kwetu Tabata tuko watano, na joto la Dar likipamba moto tunamaliza lita kumi za maji ya kunywa kwa siku. Dukani mtaani kwetu chupa ya lita moja na nusu ni shilingi 1,000. Lita kumi kwa siku ni lita 300 kwa mwezi, yaani chupa 200, yaani shilingi 200,000. Ukinunua kwa katoni utapunguziwa, lakini bado ni hela ya ada inayokwenda chooni.

Tulianza kununua chupa baada ya mwanangu wa pili kuharisha mara tatu ndani ya miezi miwili. Nilikuwa nachemsha maji kila jioni, kwa hiyo nikaamini kwamba bomba letu ndilo lina shida hata moto hauiwezi. Siku moja nikiwa naosha vyombo nikamwona mdogo wake anakuja mbio kutoka nje, anafunua ndoo ya maji yaliyochemshwa, anazamisha kile kikombe cha plastiki alichokuwa anapimia mchanga, vidole vyote ndani mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akanywa, akakirudisha kikombe juu ya mfuniko, akaondoka. Moto ulikuwa umefanya kazi yake. Maji yaliharibikia ndani ya ndoo.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokushauri ununue hakisafishi maji hata kidogo. Nunua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana na koki chini. Ukiwa dukani omba maji kidogo, mimina ndani, kisha ukague pale koki inapoingia. Mpira wa ndani ukiwa mwembamba itavuja wiki ya kwanza, na ndoo inayovuja huishia kuwekewa beseni chini, na beseni huishia kuchotwa na watoto. Koki ikae juu kiasi cha vidole viwili kutoka kwenye kitako, ili uchafu unaotuama usitoke na maji. Ndoo iwekwe juu ya stuli, na mkono wowote usiingie ndani isipokuwa siku ya kuiosha. Kama una mtungi wa udongo, kama ule wa mama yangu kule Tanga unaopoza maji bila umeme, uendelee nao, ila uchote kwa upawa wenye mpini mrefu unaoning'inia mahali pake, na usiwe kikombe cha kunywea.

Jambo la pili kabla ya kutoa hela: jua maji yako yana shida gani. Vijidudu, tope, chumvi na floraidi (madini ya ardhini yanayoharibu meno yakizidi) ni shida nne tofauti, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Nimepanga orodha hii kwa ajili ya familia inayopata maji ya bomba, ya mgawo, au ya boza yanayokaa kwenye simtanki, ambako adui mkubwa ni vijidudu. Wenye visima vya chumvi na ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, ambako floraidi husumbua, waende moja kwa moja sehemu ya mwisho.

Nafasi ya 1: dawa ya klorini kwenye ndoo ya koki

Najua wengi hawaipendi kwa ajili ya harufu. Bado naiweka juu, kwa sababu ndiyo njia pekee katika orodha hii inayoendelea kuyalinda maji baada ya kuyasafisha. Maji yaliyochemshwa au kuchujwa hayana kinga. Kikombe kichafu kikiingia, basi. Yenye klorini yana mabaki ya dawa yanayopambana na huo uchafu mdogo.

Vidonge kama vya WaterGuard vinapatikana duka la dawa. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20, unasubiri nusu saa, unakunywa. Soma pakiti kila unaponunua, maana kuna vidonge vya ukubwa tofauti. Familia ya lita 300 kwa mwezi inahitaji vidonge 15 tu. Hakuna njia nyingine hapa inayokaribia unafuu huo, na haihitaji moto wala umeme. Mlipuko wa kipindupindu ulipoanza Dar mwezi Agosti 2015, klorini ilikuwa miongoni mwa silaha za kwanza.

Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji ya tope, kwa sababu dawa inaishia kwenye uchafu badala ya vijidudu. Maji yakiwa na rangi, yaache yatuame, kisha yapitishe kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Usilidharau jambo hili la kitambaa. Watafiti waliofanya kazi vijijini Bangladesh walionyesha kwamba sari kuukuu iliyokunjwa hivyo ilipunguza kipindupindu karibu nusu, na kanga iliyofuliwa mara nyingi haina tofauti kubwa na sari. Shabu na mbegu za mlonge pia zinatuliza tope vizuri sana, lakini maji kuwa meupe hakumaanishi kuwa salama. Ukishayatuliza, bado weka dawa.

Kuhusu harufu: tia dawa usiku, asubuhi itakuwa imepungua sana, na ukiyaweka kwenye friji au mtungini wengi hawataihisi. Watoto wangu walinuna siku nne. Ya tano walikuwa wamesahau.

Kuna vijidudu vichache visivyokufa kwa klorini. Kama nyumbani kuna mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, maji yake yachemshwe.

Nafasi ya 2: chujio la mishumaa ya udongo

Hili ni lile chujio la vyungu viwili vya bati au stili, kimoja juu ya kingine, ambalo wengi tumeliona kwa bibi zetu au kwenye nyumba za masista. Ndani ya chungu cha juu kuna mishumaa myeupe ya udongo uliochomwa. Maji yanapenya taratibu kwenye vitundu vyake vidogo na kudondokea chini, ambako kuna koki. Bakteria na minyoo vinabaki juu. Virusi ni vidogo mno, vingine vinapita, na hiyo ndiyo sababu haliko nafasi ya kwanza.

Gharama ni ya mara moja, na ladha ya maji ni nzuri kuliko njia nyingine zote. Ubaya wake ni mwendo: hutoa lita chache kwa saa, kwa hiyo lazima ujaze usiku ili asubuhi watu wanywe. Familia ya watano ichukue lenye mishumaa miwili au mitatu. La mmoja litakuchosha.

Kabla hujalipa, toa mshumaa, uushike kwenye mwanga, uuzungushe. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kufanya chujio zima liwe pambo. Ugonge kidogo kwa kucha: ulio mzima hulia kwa sauti kavu, wenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Muulize muuzaji kama anauza mishumaa peke yake, kwa sababu utahitaji kubadilisha. Akikwambia haipo, nenda duka jingine hata kama lake ni rahisi. Nyumbani, mtiririko ukipungua, usugue kwa brashi laini na maji safi bila sabuni, maana udongo hunywa sabuni na utaionja kwa wiki nzima.

Ukiweza kununua chujio kisha ukatia klorini kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, umemaliza karibu kila shida ya vijidudu. Sisi ndivyo tunavyofanya tangu mwaka jana, hasa kipindi cha masika.

Nafasi ya 3: kuchemsha

Kuchemsha kunaua kila kijidudu kinacholeta magonjwa ya maji, na hakuna njia ya nyumbani inayoishinda kwa hilo. Wala hayahitaji kuchemka robo saa kama tulivyofundishwa. Yakishatokota kwa nguvu dakika moja inatosha, na kwa wanaoishi nyanda za juu kabisa, zaidi ya mita 2,000, dakika tatu. Hizo nyingine zote ni gesi unayoichoma bure.

Kilichoishusha ni gharama. Ndoo ya lita 20 inakula takriban robo kilo ya gesi, kwa hiyo lita 300 za mwezi zinamaliza karibu kilo 4 kati ya zile 6 za mtungi mdogo. Jagi la umeme linashinda hapo: ndoo hiyo hiyo ni kama yuniti 2, mwezi mzima ni yuniti 30. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, ambapo shilingi 1,000 inakupa yuniti 2.8, hiyo ni kama 10,700. Ila kama uko kwenye lile kundi la matumizi madogo lisilozidi yuniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kwanza, yuniti 30 zinaweza kukutoa. Mkaa siupendekezi kwa kazi hii. Kwa bei ya kopo la siku hizi, na moshi anaouvuta mtu aliyekaa pembeni, afadhali kidonge.

Yaache yapoe humo humo kwenye sufuria yakiwa yamefunikwa, kisha yaingie kwenye ndoo ya koki iliyooshwa. Usiyachuje kwa kitambaa baada ya kuchemka. Kuchuja ni kabla.

Nafasi ya 4: dumu kubwa la kubadilisha

Kwa asiye na muda kabisa, haya madumu ya lita 18.9 yanayorudishwa ni nafuu kuliko chupa ndogo. Tuseme unauziwa 5,000: lita 300 ni madumu 16, shilingi 80,000. Ni chini ya nusu ya bei ya chupa, na bado ni mara saba ya jagi la umeme. Kagua lakiri shingoni kila mara, angalia alama ya TBS na tarehe, na ukiona limekwanguliwa sana au lina ukungu wa kijani pembeni, lirudishe pale pale. Pampu au koki unayoichomeka juu nayo huoshwa, jambo ambalo karibu kila nyumba inasahau.

Nafasi ya 5: jua

Ni bure. Jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa za plastiki angavu zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, toa lebo, zilaze juu ya bati kwa muda wa saa 6 kwenye jua kali. Kukiwa na mawingu, siku 2. Miale ya jua ndiyo inayoua vijidudu. Inafaa shambani, safarini, au mwezi ukiwa umekaza. Kwa lita kumi kila siku ni usumbufu, na wakati wa masika jua halina uhakika.

Maji ya kandoro, yale ya kwenye vifuko vya plastiki, sikuyapa nafasi. Hujui yalikotoka wala mkono uliofunga fundo. Na mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji ya aina yoyote, maziwa ya mama yanamtosha hata kwenye joto la Dar.

Maji ya chumvi na ya floraidi

Hapa moto haukusaidii, unaongeza tatizo. Maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, chumvi na floraidi hubaki na kuwa nzito zaidi. Klorini haizigusi. Mshumaa wa kawaida hauzizuii. Nimeona watu wameuziwa mashine ya taa ya miale kwa ajili ya kisima cha chumvi. Taa ile huua vijidudu na maji yakabaki na chumvi yake yote.

Kwa chumvi, mashine inayosukuma maji kwa shinikizo kupitia utando mwembamba ndiyo inayofanya kazi, ile inayouzwa kwa jina la RO. Ni ghali, inataka umeme na vichujio vya kubadilisha, na inamwaga sehemu kubwa ya maji unayoiingizia. Hayo yanayomwagwa elekeza kwenye ndoo ya kudekia. Kabla ya kununua uliza bei ya vichujio vyote kwa mwaka mzima, uandikiwe. Majirani wawili au watatu wakichangia mashine moja, inaanza kuingia akilini.

Floraidi ni suala zito zaidi, kwa sababu haina ladha. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi kuzunguka Meru na Kilimanjaro vinazidi hapo kwa mbali. Mtoto anayeyanywa miaka ya utotoni hupata meno ya kahawia yasiyosafishika, na kiwango kikiwa kikubwa hata mifupa ya miguu hupinda. Mashine ya RO inaiondoa. Chujio la mkaa wa mifupa, lililofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, nalo linaiondoa kwa gharama ndogo zaidi, mradi mkaa ubadilishwe ukichoka. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha alitengeneza chujio linaloweza kurekebishwa kulingana na shida ya maji ya eneo husika, floraidi ikiwemo, na mwaka 2015 likampa tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Na hata ukinunua maji ya chupa huko, soma kiwango cha floraidi kwenye lebo.

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Piga simu au nenda uulize namna ya kuchukua sampuli na gharama ya kipimo kabla hujajaza chupa. Fanya hivyo kabla ya kununua mashine, na majibu yakitoka nenda nayo dukani, uyaweke juu ya kaunta, umwambie muuzaji akuonyeshe kwenye maelezo ya mashine yake ni wapi panasema inaondoa kile kilichoandikwa pale.