Mito ya viti vya boti: nunua kishikizo, gundi iache dukani

Tulikuwa tunarudi Houston kutoka ziwa la Lake Conroe, boti nyuma kwenye trela, barabara kuu ya I-45 imejaa. Mwanangu akasema, "Mama, kiti kinasimama." Kutazama kioo, mto wa benchi la mbele umesimama wima kama abiria anayetaka kushuka. Nikatazama tena, haupo. Gari la nyuma liliukwepa kwa bahati tu.

Mto huo niliufunga kwa velkro ya kubandika ya dola 29, muuzaji akiniapia kuwa ni ya boti. Nyumbani nikakagua. Velkro yenyewe ilishikana barabara, meno kwa manyoya, na pande zote mbili zilibaki pamoja juu ya faiba, ile plastiki ngumu ya mwili wa boti. Kilichoachia ni gundi ya upande wa mto. Niliigusa kwa kidole, ikavutika kama lami ya saa saba mchana.

Wauzaji hapo hawapagusi. Mito ya boti hufunikwa kwa vinili, ile ngozi ya plastiki, na vinili hulainishwa kiwandani kwa mafuta fulani ambayo baadaye hujipenyeza taratibu hadi juu. Yakikutana na gundi, gundi inakuwa uji. Ongeza jua la Texas mwezi wa Julai. Basi usihangaike na maneno ya kwenye pakiti kuhusu nguvu. Uliza tu, upande wa mto kitu hiki kinashikwa na nini? Ukijibiwa gundi, rudisha rafuni.

Namba moja kwangu, na sifichi mapenzi, ni SNAD za kampuni ya YKK. Ni vishikizo vya kubonyeza, kama vya ovaroli ya mtoto mchanga. Dume lina kitako cha duara chenye utepe wa gundi kali uitwao VHB, wa kampuni ya 3M. Ndiyo, gundi, lakini hii inakaa kwenye faiba, ngumu, isiyotoa mafuta. Jike linagongewa kwenye ulimi wa vinili ulioshonwa chini ya mto. Hutoboi boti hata tundu moja. Futa faiba kwa spiriti, kandamiza sawasawa, kisha usiguse kwa saa 72, maana gundi hiyo inakomaa polepole. Mimi niliweka 4 kwa kila mto, na 2 kati ya hizo ziko ukingo wa mbele, kwa sababu upepo huanza kuingiza vidole pale.

Namba mbili ni velkro ileile, ila ya kushonwa. Mpelekee fundi, na umwambie uzi wa poliesta; wa pamba utaoza. Kasoro yake ni mchanga na nywele za mbwa.

Tatu, mkanda wa kukazia mzigo, upite juu ya mito yote. Usokote mara moja kabla ya kukaza, ili upepo usiufanye upige kelele njia nzima. Ukikaza sana, sponji inabaki na bonde.

Nyavu na kamba za mpira zenye ndoano: rahisi, na ndoano ikichomoka inatafuta jicho. Basi.

Sasa nitoe la moyoni. Bandika neno "boti" kwenye kishikizo, bei inaruka kuliko mto wangu. Na yule muuzaji wa velkro alikataa kunirudishia hela, eti nimeshachana karatasi ya nyuma. Velkro ya kubandika utaijuaje mbovu bila kuichana karatasi?

Na nyie mtakaoniandikia "si uitoe tu mito uiweke ndani ya gari": gari lina watoto wanne, ndoo ya barafu, sufuria ya pilau na shemeji yangu. Niambieni mto nimpakatishe nani.