London Eye na mama: gurudumu lilisimama kwa ajili yake

Mwaka wa tisa huu niko Uingereza na London Eye, lile gurudumu kubwa la kupandisha watu juu waione London, nilikuwa naipita tu, naitazama kwa mbali nasema hiyo ni ya watalii, hela yangu ina kazi zake. Sasa mwezi wa kumi mama kaja kutoka Tanga, wajukuu wakashika bango Bibi lazima apande, basi na mi nikalainika.

Nianze na bei maana najua ndo mnataka. Sio ya mchezo, na sisi tulikuwa watano. Kateni tiketi mtandaoni mapema, inakuwa nafuu kuliko kwenda kununua palepale, na saa ya kupanda unachagua mwenyewe. Tulichukua ya kumi na moja jioni, tukapanda treni kutoka Reading mpaka Waterloo, ukishuka hapo ni mwendo wa miguu wa dakika chache. Pitieni chooni kwanza, kule juu hakuna choo na ukishapanda umepanda. Mabegi yanakaguliwa, kwa hiyo msibebe nyumba nzima kama mimi niliyekuja na chupa ya chai na chapati za watu kumi.

Tulipofika chini yake mama kanyanyua kichwa mpaka mtandio ukamdondoka. Akauliza, "Hiyo ni minazi mingapi?" Lina mita 135, mume wangu akapiga hesabu akasema mama weka mitano au sita iliyobebana. Halafu mama akaona kitu ambacho mimi miaka tisa sijakiona, kwamba miguu ya hilo dude yote iko upande wa nchi kavu, gurudumu lenyewe linaning'inia juu ya mto Thames kama linataka kuchota maji. Vipande vyake vililetwa kwa njia ya mto, wakaliunga likiwa limelala juu ya maji ndo likanyanyuliwa mwaka 1999, na walipanga likae miaka michache tu litolewe. Mama kacheka, "Ya muda, kama banda langu la kuku."

Sasa jambo lenyewe. Hili gurudumu kwa kawaida halisimami kupakia watu, linazunguka taratibu, sentimita 26 kwa sekunde, na nyie mnaingia huku linatembea. Kwa mtu mzima wa magoti salama sio tatizo, lakini mama magoti yake ndo hivyo, na nikimwangalia midomo inatembea, anasoma dua. Nikamwambia mhudumu, mama yangu hawezi kuharakisha. Wala hakuuliza mara mbili, akaashiria wenzake na lile dude likasimama kabisa. Jamani. Vyumba 32, kila kimoja kinachukua hadi watu 25, wote wamegota hewani wanamngoja bibi wa Chumbageni ainue mguu! Mama alipokaa kwenye benchi la katikati akanishika mkono, "Lote lile limesimama kwa sababu yangu?" Nikamwambia ndio mama. Uoga wote uliishia hapo, akakaa kama mwenye mali.

Watoto wao walikuwa na shughuli ya kusoma namba za vile vyumba, wakagundua kuna namba 33 wakati vyumba ni 32, kumbe 13 wameiruka. "Kwa hiyo na wazungu wana mambo yao," mama akasema, karidhika kabisa.

Mzunguko ni kama nusu saa na kutikisika hakuna, nawaambia mtu ambaye boti ya Pemba tu inamlaza siku mbili alisimama akaenda mpaka kwenye kioo. Mnara wa Big Ben unafika mita 96, kwa hiyo mkiwa juu saa yenyewe mnaitazama kwa chini. Nikamuonyesha na kasri la mfalme kule nyuma ya miti, akasema haya, akapita. Alikuwa na lake. "London ya redio iko wapi?"

Mi nikaduwaa, mume wangu ndo akaelewa. Babu alikuwa hakosi Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na mama akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kunyamazisha wenzie redio ikishawashwa. Basi tukamgeuza kulia, ng'ambo ya mto, tukamuonyesha upande wa Bush House ambako walitangazia miaka na miaka kabla BBC haijahama. Jengo lenyewe siapi kwamba tulilipata katikati ya mapaa yale. Yeye kasimama anatazama kulekule mpaka taa za mji zinaanza kuwaka, tukaanza kushuka.

Wingu lilikuwepo, zile kilomita 40 wanazosema unaona siku ya jua sisi hatukuzipata. Na jioni kioo kinarudisha taa, picha zangu nusu zina uso wangu mwenyewe, simu igandisheni kwenye kioo. Nyota nne, ya tano nimeinyima kwa ajili ya bei. Mkienda na mzee mwenye magoti semeni mapema msione haya.

Usiku mama akamrekodia mama mdogo ujumbe wa sauti wa dakika saba. Kasri la mfalme halimo. Dakika tano ni jinsi lilivyosimama.