Mgongo baada ya kupunguza tumbo: fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) nyota 4, mkanda nyota 1

Naandika hii kwa sababu kabla sijaanza nilimtafuta mtu aliyepasuliwa kama mimi aniambie mgongo unatibiwaje nikamkosa, kila mtu ana picha za kabla na baada, basi. Mi nilifanyiwa gastriki baipasi, ule upasuaji wa kupunguza tumbo, miaka miwili iliyopita, nikatoka kilo 128 hadi 81, sukari imetulia, vidonge vya presha nimeachishwa, ila mgongo hizo habari njema haukuzipata.

Na wote walinihakikishia uzito ukishuka mgongo utapona wenyewe. Kwa wengi inatokea hivyo kweli, hata mimi miezi ya mwanzo nilipata nafuu kubwa magotini na mgongoni, halafu kama mwezi wa nane hivi maumivu yakarudi kwa staili nyingine kabisa. Zamani ilikua kama navutwa kwenda mbele na tumbo, saivi ni hapa chini kiunoni kama mtu kabana na koleo, nikikaa nusu saa kuinuka ni shughuli, na kiti kigumu ndo usiseme, maana nyama za kukalia zimeisha, kifandugu kinagonga mbao moja kwa moja.

Kwanza nikanunua mkanda wa kiuno, ule mpana wenye vyuma. Jamani. Anayetengeneza ile mikanda hajawahi kuona tumbo lililopungua kilo 47. Ngozi ikilegea inajikunja, mkanda unapanda juu wenyewe, ukiukaza unabana ule mkunjo wa ngozi na jasho linabaki humo humo, wiki ya pili nikawa na upele mwekundu kuzunguka kiuno utadhani nimechapwa. Ukiuvaa unahisi umeshikwa kidogo sikatai, ukiuvua ni pale pale. Nyota 1, na hiyo moja ni kwa sababu ulinisaidia siku nilipohamisha makabati.

Mashine ya TENS, ile ya kubandika vibandiko vyenye umeme mdogo, naipa nyota 2. Inatekenya, inasahaulisha maumivu ile dakika 20 au 30 iko mwilini, ukizima yanarudi polepole kama mgeni aliyesahau simu. Vibandiko navyo kwenye ngozi iliyolegea havishiki, vinabanduka ukigeuka tu. Baadae ndo nikaja kusoma kwamba mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, wa mwaka 2016 kuhusu maumivu ya kiuno unasema wagonjwa wasipewe mashine hizi wala mikanda, nikacheka peke yangu maana vyote viwili viko chini ya kitanda.

Sasa dawa, hapa naomba usome taratibu. Kuna duka la dawa niliingia nikasema mgongo unaniua, nikapewa diklofenaki bila kuulizwa hata swali moja, na mimi kwa maumivu sikusema kwamba nimepasuliwa. Nikameza siku nne. Siku ya tano tumbo linachoma mpaka mgongoni, nikakimbilia kwa daktari aliyenipasua, akanigombeza kama mtoto. Kumbe baipasi wanakuachia kijifuko kidogo cha kama mililita 30 kimeunganishwa na utumbo, na pale kwenye muungano ndo vidonda vinapopenda kutokea, halafu hizi dawa jamii ya diklofenaki, ibuprofeni, naproxen zinapunguza ule utando wa kinga, hata ukichomwa sindano badala ya kumeza ni yale yale kwa sababu zinafanya kazi kupitia damu. Na lile tumbo kubwa wanaloliacha pembeni likipata kidonda kamera ya kawaida haifiki kirahisi. Mi nilibahatika, nikapewa dawa za kupunguza asidi na ikapoa. Tangu hapo natumia parasetamoli kwa kipimo, na hiyo nayo kwa mgongo wa muda mrefu haifanyi maajabu tusidanganyane. Na dawa zile zinazoyeyuka taratibu kwa masaa mengi muulize daktari wako kabla, maana njia ya chakula imefupishwa na zinaweza zisinyonywe vizuri.

Ndo nikaenda fizio, na hii ndo naipitia hasa. Sitaji jina la kliniki kwa sababu nina malalamiko nayo pia huko chini.

Siku ya kwanza nilitegemea kulazwa kifudifudi nikandwe nirudi nyumbani. Wapi. Yule kaka (namwita dokta, kila siku ananiambia mimi sio dokta dada, nami naendelea tu) alikaa na mimi dakika 40 anauliza maswali, mengine ya aibu. Mkojo unatoka vizuri? Kuna ganzi katikati ya mapaja? Mguu unaishiwa nguvu? Akasema ningejibu ndiyo kwa ganzi hiyo au mkojo kugoma asingenigusa, angenituma hospitali siku hiyo hiyo. Akauliza kama maumivu yanakuja nikila au yanazunguka ubavuni, kwa sababu watu waliopungua haraka wanapata sana mawe ya kwenye nyongo, na sisi wa baipasi tuna hatari zaidi ya mawe ya figo, na vyote hivyo vinaweza kuuma mgongoni ukahangaika na pingili bure. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

Nilikua pia na ganzi ya vidole vya miguu nikajua ni mshipa umebanwa, akakataa kukisia, akaniandikia barua nirudi kwa daktari nipimwe vitamini B12. Ilikua chini. Nilikua nimeacha vidonge vya vitamini miezi mitatu kwa uvivu, nakiri. Nikaanzishiwa sindano, na hapo hapo daktari akaniuliza kalsiamu natumia ipi, nikawa natumia ya kaboneti wakati asidi yetu tumboni ni ndogo, akanihamishia ya sitreti, miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku ila kwa awamu, na vitamini D, maana mifupa nayo inapungua baada ya upasuaji huu.

Halafu yule kaka wa fizio akanikalisha kwenye kiti akasema kunja mikono kifuani, simama kaa simama kaa kwa sekunde 30. Nikafika 6. Mtu mzima mwenye miaka 43! Akanieleza kwa lugha nyepesi, ulivyopungua haraka hukuchoma mafuta peke yake, umechoma na misuli, na matako na misuli ya mgongo ndo nguzo, halafu mwili wako bado unasimama kama umebeba lile tumbo, unajivuta nyuma kubalansi mzigo ambao haupo. Akanisimamisha pembeni ya kioo, kweli, nimejipinda nyuma kama mjamzito. Nilitaka kulia nikacheka.

Mazoezi yenyewe ukiyaona utasema nimelipia nini hapa. Kulala chali na kuinua kiuno. Kupiga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, unashikilia. Aliniwekea kikombe cha plastiki chenye maji mgongoni akasema kisimwagike. Wiki mbili za mwanzo nilikua narudi nyumbani fulana imelowa mgongoni kila siku, na maji baridi yakikumwagikia kiunoni unajifunza haraka. Wiki ya tano kikombe kikatulia. Baadae akaongeza vyuma vya kubeba kidogo kidogo na kutembea, na akanibana kwenye protini, angalau gramu 60 kwa siku, anasema bila hiyo ni kama unajenga nyumba bila tofali.

Matokeo nisiseme uongo, wiki tatu za kwanza hamna kitu, tena misuli iliuma zaidi nikataka kuacha. Mwezi wa pili nikaanza kuamka bila kujishikilia ukutani. Mwisho wa wiki 12 kile kiti nilifika 15, na maumivu niliyokua nayapa 7 saivi ni 2 au 3, siku za baridi au nikikaa sana kwenye gari yanapanda. Hayajaisha. Ila nalala usiku mzima na viatu nafunga mwenyewe.

Kwa nini sio nyota 5. Moja, mapokezi, unaambiwa saa 4 unaingia saa 5 na nusu, na viti vya kusubiria ni vya plastiki ngumu, sehemu ya wagonjwa wa mgongo! Mbili, kuna siku kaka wangu hakuwepo nikapewa mwingine, huyo hakusoma faili, akanilaza juu ya meza kifudifudi akaanza kunibonyeza kwa kiwiko na kunishauri ninywe ibuprofeni. Nikainuka nikamwambia asante naishia hapo. Yaani kliniki moja, watu wawili, mbingu na ardhi.

Kwa hiyo ukienda, miaka ya kazi isikuzuge, uliza tu umewahi kumhudumia mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, sura yake itakujibu. Na beba ile karatasi ya hospitali inayoonyesha ulifanyiwa upasuaji gani na orodha ya dawa zako, piga na picha kwenye simu, pale mapokezi hawataiomba. Mkanda wangu kama kuna anayeutaka upo, umevaliwa wiki mbili.