TAHADHARI: Dada anayeuza unga wa "homoni za mimea" kwenye makopo meupe

Jamani, naandika huku nikitetemeka kwa hasira. Huyu dada wa makopo meupe yenye kibandiko cha kijani msimpe hata mia.

Mama yangu yuko umri wa kukoma hedhi, usiku anatokwa jasho na halali. Nilimpigia huyo dada jioni, akapokea kwa sauti ya upole: "Pole, mpenzi. Mama usiku anatokwa jasho? Halali? Basi hiyo ni estrojeni, homoni ya kike, imeshuka." Akanieleza kwamba unga wake ni wa soya, na soya ina isoflavoni, yaani kemikali za mmea zinazofanana na estrojeni, zinashika pale pale inaposhika estrojeni ya mwanamke. Na hilo ni kweli kabisa! Mtu anakutajia mpaka jenisteini, moja ya hizo isoflavoni, bila kubabaika, kavaa koti jeupe, utajuaje kama ni tapeli? Nikamwambia wazi mama ana kisukari, anatumia glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari. Akasema, "Hiki ni chakula tu, hakigombani na dawa." Nikamtumia 80,000 saa ile ile.

Maelekezo yake: kijiko kilichojaa kwenye maji ya moto, asubuhi, kabla ya kula chochote. Mama akaanza kutoka jasho mpaka kanga ikalowa, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nampigia, ananijibu, "Usiogope, homoni zinajipanga. Mwongezee kijiko." Mwongezee kijiko! Mama yangu mzazi!

Hospitali wakapima sukari, 2.6, imeshuka mno. Wakamtundikia dripu ya glukosi haraka. Daktari akafungua kopo, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Uwatu! Ule ule wanaopewa wazazi ili maziwa yatoke. Uwatu unashusha sukari, glibenklamaidi nayo inashusha, na mama hajala. Lile jasho sisi tukadhani ni la kukoma hedhi, kumbe sukari inaisha mwilini. Soya yenyewe, akasema, nguvu yake ni ndogo sana ukilinganisha na estrojeni ya mwili. Wengine huwapunguzia joto kidogo, wengine hawaoni kitu.

Mtu huyu afungwe. Faini asipewe, atailipa kwa hela zetu. Afungwe, na makopo yake yachomwe hadharani.

Kopo halina namba ya usajili wala halitaji kilichomo. Halafu tangazo lake linasema unga unaongeza estrojeni na pia unayeyusha uvimbe wa kizazi, wakati uvimbe huo unastawi kwa estrojeni hiyo hiyo! Mimi ameshanibloku, na jina la ukurasa kabadilisha.

Kopo ninalo, nalipeleka TMDA, mamlaka ya dawa, na polisi. Aliyenunua na bado ana ujumbe wa muamala anitafute twende pamoja. Na kama mzazi wako anakunywa huo unga pamoja na dawa za sukari, usimalize hata kusoma maoni hapo chini: mpime sasa hivi. Akiwa anatetemeka na anameza vizuri, mpe chai yenye sukari, kisha mkimbize hospitali na kopo lake mkononi.