Kipimo cha nyumbani kilisema vyakula 23 vinanikataa, kumbe ni viwili

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Kile kifurushi cha kujipima nyumbani "vyakula vinavyokukataa" nakipa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya bahasha kufika na majibu kurudi kwa wakati. Majibu yenyewe yalinipotezea miezi miwili, na yakanichelewesha kipimo kingine ambacho nilikihitaji kweli.

Kwa karibu mwaka mzima tumbo lilikuwa likinijaa gesi kila jioni na kunguruma hadi naona haya kukaa karibu na watu. Siku nyingine naharisha, siku nyingine niko salama kabisa, na sikuona mpangilio wowote. Nikapunguza kula, wapi. Nikaacha pilipili, wapi. Mtu akifika hapo, tangazo linaloahidi kumwonyesha adui yake kwa tone moja la damu linamkuta ameshanyoosha mikono juu.

Boksi lilikuwa na kisindano cha kutoboa kidole, kadi ya karatasi ya kudondoshea damu, plasta na bahasha ya kurudishia. (Nawa mikono kwa maji ya uvuguvugu kwanza na uuning'inize mkono kidogo; mimi sikufanya hivyo, nikatoboa vidole vitatu.) Baada ya wiki mbili ikaja ripoti ya rangi: vyakula 9 vyekundu, 14 vya njano, vilivyobaki kijani. Mayai, ngano, maziwa, maharage, karanga, ndizi, kitunguu saumu, vyote nimekatazwa. Chaza, ambaye sijawahi kumtia mdomoni maishani, akapata kijani safi. Nikacheka. Ningeshtuka badala ya kucheka, ningeokoa mengi.

Nikaitii ripoti. Tumbo likatulia kiasi, nami nikaisifia kwa kila aliyenisikiliza, na hilo ndilo ninalolijutia zaidi. Ukikausha bwawa zima, samaki unayemtafuta lazima atakuwamo. Haina maana kwamba ulijua alipo. Nilikuwa nimekata vyakula 23 kwa mpigo, na ndani yake vilikuwamo viwili vilivyonisumbua. Hivyo 21 vingine nilivinyimwa bure. Nikapungua uzito bila kutaka, na nikaanza kuogopa sahani za watu wengine.

Daktari niliyemwendea aliigeuza ripoti mara mbili, akaniuliza: "Katika hivi vyekundu, kuna usichokila kila wiki?" Hakukuwa na hata kimoja. Akanieleza kwamba kipimo kile huhesabu kingamwili (protini za ulinzi wa mwili) za aina ya IgG, ambazo mwili hutengeneza kwa kawaida unapozoeana na chakula. Aina yake iitwayo IgG4 huambatana hata na uvumilivu, yaani mwili umeshakikubali chakula hicho. Kwa ufupi, nilikuwa nimelipia orodha ya vyakula ninavyokula sana. Vyama vya madaktari wa mzio vilishatahadharisha zamani kwamba kipimo hiki kisitumike kutafuta chakula kinachomdhuru mtu: cha Ulaya mwaka 2008, cha Marekani 2010, cha Kanada 2012. Mimi nilikuwa nimesoma maoni ya wateja tu.

Alinitenganishia mambo matatu ambayo nilikuwa nayaita "aleji" yote. Mzio wenyewe kwa kawaida unahusu kingamwili nyingine, IgE, na hujitokeza haraka, ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi: vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, pumzi kubana. Huo unaweza kuua, na mwenye dalili hizo asijaribu lolote peke yake jikoni. Hata kipimo chake cha kuchoma ngozi, kinachosomwa baada ya dakika 15 hadi 20, kikionyesha uvimbe hakitoshi peke yake. Kinasomwa pamoja na yale yaliyokupata ulipokula. La pili ni ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni, protini iliyo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai, huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. La tatu ni kutovumilia chakula, ambako kinga ya mwili haihusiki: chakula hakisagwi au hakifyonzwi sawasawa, basi.

Siliaki ndiyo iliyonifanya nikikasirikie kile kifurushi. Kipimo chake cha damu kinataka uwe bado unakula ngano. Ukiiacha, majibu yanaweza kutoka safi hata kama unaumwa. Na mimi nilikuwa nimeiacha kwa miezi miwili kwa amri ya ripoti! Ikabidi nirudi kula ngano kila siku kwa wiki sita, tumbo likiunguruma, ndipo nitolewe damu. Siliaki haikuwapo. Kama una shaka na ngano, pima kwanza, uache baadaye.

Kipimo ninachokipa nyota tano ni cha pumzi. Unafunga tangu usiku, asubuhi unapuliza ndani ya kifaa, unakunywa maji yenye gramu 25 za laktosi, ile sukari ya maziwa, kisha unapuliza tena kila nusu saa kwa saa tatu. Ukipungukiwa na kimeng'enya cha laktezi, sukari ile inafika kwenye utumbo mpana bila kusagwa, bakteria wanaichachusha, na haidrojeni wanayoitoa inapita kwenye damu hadi mapafuni. Kinachotafutwa ni haidrojeni ya pumzi kuongezeka kwa sehemu 20 kwa milioni au zaidi. Mimi nilianzia 4; baada ya saa moja na nusu nikasoma 38, na tumbo lilishaanza kupiga ngoma kabla muuguzi hajanionyesha namba. Akaniambia nisihuzunike, kwani takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hawaisagi laktosi vizuri.

Lakini maziwa hayakueleza kila kitu. Siku nisizoyagusa kabisa, gesi ilikuja vilevile mara mbili au tatu kwa wiki. Hapo hakukuwa na mashine ya kunisaidia, ila daftari la kawaida: nimekula nini, saa ngapi, nini kimefuata, nimelala vipi. Mtaalamu wa lishe akaniweka kwenye mpango wa FODMAP, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Unapunguza kundi la wanga unaochachuka haraka kwa wiki chache, kisha, na hapa ndipo wengi huchoka wakaacha, unarudisha aina moja moja kwa siku tatu ukiongeza kiasi kidogo kidogo.

Kwa wiki mbili niliyatuhumu mayai. Daftari likaonyesha kwamba mayai ya kuchemsha hayana neno. Yenye kosa ni ya kukaanga, na tofauti yake ni kitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu vina fruktani nyingi, ambazo ni mojawapo ya wanga wa kundi hilo la FODMAP. Ngano nayo inazo, lakini vipande viwili vya mkate navivumilia, vinne hapana. Kiasi ndicho kinachoamua, na rangi nyekundu, njano na kijani haziwezi kukueleza hilo.

Sasa nakula vyakula vyote vya ile orodha isipokuwa vitunguu vya kawaida, na maziwa nayapima. Mtindi na jibini ngumu hazinisumbui, na nusu kikombe cha maziwa pamoja na chakula kinapita kimya. Badala ya vitunguu natumia majani yake ya kijani. Saumu naikaanga ikiwa nzima kwenye mafuta kisha naitoa, kwa sababu fruktani haziyeyuki katika mafuta, na harufu inabaki.

Kampuni niliiandikia kuuliza kwa nini chaza ni kijani. Walijibu kwa adabu, wakanielekeza kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti, ambako kwa herufi ndogo imeandikwa kwamba majibu yao si utambuzi wa ugonjwa wowote. Chini ya barua wakanipa punguzo nikipima tena baada ya miezi sita.